Masharti ya Watu wa Ndege

Siku tuliyomzika ndugu yangu, mtu aliyetumwa na kampuni yake ya zamani alisimama kando ya kaburi na karatasi mkononi. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mpiga mbizi hodari, mtu wa utani, aliyependwa na wenzake. Halafu, kwa sauti ileile, akasoma kwamba ajali iliyomlemaza ilitokana na yeye mwenyewe kutofuata masharti ya kazi. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akakaa. Baadaye nilimpelekea soda. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kumpa mgeni. Watu wengi wamenikosea maishani, lakini soda ile nilijikosea mwenyewe.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba tu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua huko Isinya, kukata waridi na kuyapanga kwa urefu. Sijawahi kuzama hata kwenye karai. Lakini masharti anayosema yule mtu nayajua, kwa sababu ndugu yangu aliishi miaka sita akiwa ameketi, na alikuwa na wakati wa kunieleza moja baada ya jingine. Nayaandika hapa kwa vile siku ile kaburini hakuna aliyeniuliza.

Tulihamia Kitengela kutoka Ukambani mwanzoni mwa miaka ya tisini, baba alipopata kazi ya ulinzi kiwandani. Aliaga dunia akatuacha watatu: mama, mimi, na huyo mdogo wangu. Nyumba yetu ya mabati ilisimama kwenye udongo mweusi, ule unaobeba viatu mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Pande zote ni uwanda. Ukisimama mlangoni unaona milima ya Ngong kwa mbali upande mmoja, na upande mwingine nyasi hadi macho yachoke. Nyumbu walikuwa bado wanapita karibu na nyumba. Naitaja hali ya mahali pale kwa sababu ndiyo iliyotudanganya sote. Hakuna mtu aliyezaliwa au kulelewa pale anayefikiri kwamba anaishi juu.

Ndugu yangu alijifunza kuogelea kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua, mama asijue. Siku moja pampu ya mwenye machimbo ilidondoka humo ikapotea. Yeye alishika jiwe zito, akazama nalo, akafunga kamba kwenye pampu, akatoka. Mkandarasi mmoja mwenye kazi zake bandarini, aliyekuwa pale siku hiyo, alimwona. Baada ya mwezi ndugu yangu alikuwa Mombasa, akifundishwa kupumua kwa mpira chini ya maji.

Watu wa mtaa walimcheka sana.

"Mkamba mpiga mbizi!" jirani yetu mwenye duka la jumla alimwambia kila akirudi likizo. Huyu jirani ni mtu wa Garissa, na utani wao haukuwa na mwisho. "Kwenu maji ni ya kubebwa na punda. Wewe ulijifunza kuogelea kwa jerikeni?"

"Na nyinyi je? Kwenu mkiona dimbwi mnaita mkutano."

"Sisi tunalinyweshea ngamia, hatuingii ndani. Sisi tuko na akili."

Kazi yake kule ilikuwa kukata na kuinua vyuma vya meli iliyozama, mahali penye kina cha kama mita arobaini na tano. Kila Krismasi alikuja nyumbani, na jioni baada ya chakula mama alimtaka aeleze tena ile kazi, kwa sababu hakuielewa na hakuiamini.

"Mama, ukiwa chini sana, hewa unayovuta inaingia kwa damu na kwa nyama, unajaa nayo kama soda kwa chupa. Ukipanda haraka, ni kama mtu amefungua soda iliyotikiswa. Povu inatoka ndani ya mwili. Kwa hivyo tunapanda pole pole, tunasimama njiani. Mahali pa mwisho pa kusimama ni mita sita. Hapo tunashushiwa mpira wa oksijeni tupu, tunavuta nusu saa, na hiyo ndiyo inafukuza ile hewa ingine."

"Sasa si wawape hiyo oksijeni kutoka mwanzo, muache kusumbuka?"

"Ukiivuta chini ya mita sita inakuwa sumu. Mtu anashikwa na degedege kama mwenye kifafa, mpira unamtoka mdomoni, anameza bahari."

Mama aliweka kikombe chini. "Hewa ya Mungu iwe sumu! Hao watu wanakudanganya."

"Hata chumvi ni ya Mungu, mama, na hii mboga ya leo umetaka kutuua nayo."

Mama alimrushia kitambaa cha sufuria, nasi tukacheka. Lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka na kazi. Alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, la wanafunzi, na ndani yake aliandika kila siku: kina, dakika za chini, dakika za kila kituo, dakika za oksijeni. Za oksijeni alizijumlisha siku kwa siku, kwa sababu, alisema, nayo ikizidi inachoma mapafu hata kama hukupata degedege. Haitakiwi iwe kidogo wala iwe nyingi. Bosi wake aliliita daftari lile barua za mchumba. Hakuna mwingine katika wapiga mbizi wale wa kibarua aliyeandika, na hakuna aliyewaamuru waandike.

Ukutani mwa ofisi yao, alituambia, kulikuwa na karatasi ya masharti. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba mtu aliyezama asipande ndege kabla ya saa ishirini na nne kwisha, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi, na povu iliyobaki mwilini inakua.

"Na wewe ndege utaipanda kwenda wapi?" mama aliuliza.

"Hilo ndilo sharti moja sitawahi kuvunja," akasema, na sisi tukacheka tena.

Sasa nifike mahali pangu mimi, nisije nikaonekana nawasema wengine na kujificha.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimeshaishi na mwanamume wangu muda, na tulikuwa na mtoto, lakini watu wake hawakuwa wameleta mbuzi. Kwetu Wakamba, mbuzi watatu wa kwanza wasipoletwa na kupokewa, mwanamke hajaolewa, hata akiwa na wajukuu. Akifa atarudishwa kwao kuzikwa. Na mbuzi hupokewa na wanaume wa nyumba. Baba hakuwepo. Ndugu zake walikuwa wazee huko Ukambani. Mwanamume wa nyumba yetu alikuwa ndugu yangu. Siku ikapangwa iwe Jumamosi, nami nikampigia simu wiki hiyo ya mwisho.

"Tuko na kazi mpaka Jumatano jioni," aliniambia. "Nitoke hapa Ijumaa, nifike jioni."

"Ijumaa ni kuchelewa. Nani atachinja? Nani atatafuta viti? Panda basi ya Alhamisi asubuhi. Ukija Ijumaa jioni kama mgeni, sitakusemesha."

"Sawa, dada. Alhamisi."

Hayo ni maneno yangu, sijayapunguza. Miaka yote ya nyuma alikuwa akija Krismasi baada ya kazi kufungwa, akiwa amekaa nchi kavu siku tatu au nne. Mara hii nilimvuta mimi.

Alifika Alhamisi kama saa nane mchana, na halua ya mtoto kwenye mfuko. Niliona anajikuna tumboni na mgongoni. Alisema bega lilianza kumuuma basi lilipopita Emali, likazidi walipofika Sultan Hamud, na sasa ni kama mtu anatia msumari. Tulisema ni kiti cha basi. Mama alimchua kwa dawa ya kuchua. Yeye alikuwa mchovu kuliko nilivyowahi kumwona, akalala kabla ya jua kuzama.

Ijumaa alfajiri alimwita mama, wala si mimi, kwa sababu ilikuwa jambo la aibu. Alikuwa amejaribu kwenda haja ndogo na haikutoka. Alipotaka kusimama, miguu ilimwitikia kama miguu ya mtu mwingine. Nilipoingia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anajipiga mapaja kwa ngumi, anasikiliza.

"Hii ni povu," alisema. "Juzi walinitoa mapema. Dada, nahitaji oksijeni sasa hivi, halafu nirudi Mombasa kwa chumba cha presha, kile cha kumrudisha mtu kwa presha ya chini bila maji."

Ndipo akatueleza yaliyotokea Jumatano. Alikuwa mita sita, kwenye kituo cha mwisho, ana dakika kumi na mbili tu za oksijeni, alipovuta pumzi na kupata hewa ya kawaida. Juu ya mashua walikuwa wamefunga mtungi wake na kuupeleka kwa mkata chuma. Chuma walichokuwa wanakiinua kilikuwa kinaning'inia, mtungi wa mkataji ulikuwa umeisha, na bosi akasema toeni hapa, huyo ameshatosha. Ikavutwa kamba ya kumwita juu. Kamba ikivutwa mpiga mbizi hupanda, hilo nalo ni sharti.

Dakika kumi na mbili badala ya thelathini. Kumi na nane zilizobaki walizipa chuma.

Tulimpeleka kliniki iliyokuwa karibu. Sitaitaja, na sasa ina mmiliki mwingine. Jirani mwenye duka alimbeba ndugu yangu mgongoni, huku akimtania kwamba hata ngamia hulalamika chini ya mzigo kama huo. Daktari alimpima joto, akampiga magoti kwa kidole.

"Umekuwa Mombasa? Hii ni malaria ya huko. Imeingia kwa mishipa."

"Daktari, mimi ni mpiga mbizi. Niko na povu kwa uti wa mgongo. Nakuomba maski ya oksijeni, ufungue yote."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Ni kazi yangu."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nane."

Daktari aliniangalia mimi, kana kwamba mgonjwa hayupo. "Oksijeni ni ya watu wa kifua. Huyu anapumua vizuri kuliko mimi."

Mtungi ulikuwa pale pembeni, mrefu, na maski yake ikining'inia ndani ya karatasi ya nailoni. Ndugu yangu aliutazama jinsi mtu mwenye kiu anavyotazama maji. Nami niliketi pale nikiwa nimeshika mkoba, nikanyamaza, kwa sababu yule alikuwa na koti jeupe na mimi nilikuwa na mikono iliyochanwa na miiba ya waridi. Alidungwa sindano ya malaria. Karibu saa nzima ilipotea pale. Nikifikiria saa ile, mpaka leo nina hasira, na nusu ya hasira ni yangu juu yangu.

Nje walikuwa wamekusanyika majirani, na mmoja alikuwa ameshapata jibu: majini ya pwani. Yamemfuata kutoka baharini, apelekwe kwa maombi. Ndugu yangu alimwambia, "Mama, jini langu ni bosi, na hajapanda basi." Wakaona ameanza kuweweseka.

Ni yeye mwenyewe aliyekumbuka fundi wa kuchomelea. Barabarani kulikuwa na fundi wa mageti na madirisha ambaye alikata vyuma kwa gesi. "Oksijeni yake ni ileile," alisema. "Mtungi ni mweusi, ya hospitali ni rangi ingine, lakini ndani ni kitu kimoja. Nipelekeni."

Fundi alisikiliza mara moja tu. Alizima moto, akatupa sigara, akaja na mtungi akiuviringisha. Alipotaka kushika vali, ndugu yangu akapiga kelele kali nikashtuka:

"Nawa mikono! Na sabuni! Uko na grisi. Oksijeni na mafuta ni moto, utatuchoma sote."

"Bwana, miaka kumi nafanya hii kazi."

"Basi umekuwa na bahati miaka kumi. Nawa!"

Fundi akanawa hadi viwikoni. Wakakata chupa ya soda ya plastiki, wakaingiza mpira mpya shingoni mwa chupa, wakazungushia kitambaa safi mahali pa kugusa uso. Hiyo ndiyo ilikuwa maski. Kwenye geji mshale ulionyesha nusu ya mtungi. Nilimuuliza fundi tutamlipaje, akasema nisimtukane.

Jirani mwenye duka alikuwa ameshafunga duka. Alileta pikap yake, ile ya kubebea unga na mbuzi, ameifagia, ametandika godoro nyuma na kufunga turubai ubavuni, akaacha nyuma wazi ili oksijeni isijikusanye. "Duka itangoja," aliniambia. "Panda na ndugu yako. Mimi naendesha, na hakuna mtu atavuta sigara hata tukipatana na rais."

Kabla ya kuondoka nilimpigia bosi. Nilimweleza yote. Akasema, "Mleteni. Chumba cha presha kiko."

"Kiko tayari?"

"Nimekwambia kiko, mama."

Tulitoka Kitengela kabla ya saa mbili asubuhi. Mama alibaki mlangoni ameshika nguo yake ya Jumamosi, aliyokuwa anaipiga pasi.

Ndugu yangu alinivalisha saa yake mkononi na kunipa kazi. Dakika ishirini na tano avute oksijeni, dakika tano nimtoe chupa usoni avute hewa ya kawaida, halafu tena. "Hata nikikuambia niongeze, kataa. Hata nikilala, nitoe. Mapafu yanahitaji kupumzika." Nilishika saa ile kama Biblia. Ikifika ishirini na tano namgusa bega, naondoa chupa, nahesabu tano, narudisha. Tulipita Sultan Hamud hivyo, tukapita Emali. Barabara ilikuwa inashuka, ingawa mimi sikujua kwamba inashuka. Karibu na Makindu aliniambia bega limeachia. Karibu na Mtito Andei alisema anahisi kidole gumba cha mguu wa kushoto, nikamfinya, akasema ndiyo. Nililia kwa furaha, akanicheka, akasema dada, usilowanishe mtungi.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mpaka mwaka wa tatu. Tulipokaribia Voi mshale wa geji ulikuwa umeshuka sana. Niliogopa kwamba itaisha kabla ya kufika. Yeye alikuwa amefumba macho. Nikapunguza vali, kidogo, bila kumuuliza. Baada ya mapumziko mengine nikapunguza tena. Nilifikiri kidogo mpaka mwisho ni bora kuliko nyingi ikatike. Nilifanya kwa hesabu ya mtu wa darasa la saba anayegawa unga. Karibu na Mariakani nilimfinya kidole, naye hakusema kitu.

Daktari mmoja aliniambia baadaye kwamba huenda haikubadilisha chochote. Nilimshukuru. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Ndugu yangu, nilipomwambia, alisema, "Wewe ulipunguza ili ifike. Wao walipunguza ili chuma kikatike." Kwangu tofauti hiyo haitoshi, lakini ipo, na yule wa kaburini hakuisoma.

Tulifika kwenye uwanja wa kampuni kama saa kumi alasiri, mtungi umebakiza pumzi za mwisho. Nilitazamia kuona watu wamesimama tayari, mlango wazi, taa zinawaka. Mlinzi getini hakuwa ameambiwa kitu. Tulimpita. Chumba cha presha kilikuwa mwisho wa uwanja, kama tangi la lori lililolazwa, na vidirisha vidogo vya mviringo ubavuni. Mlango wake wa chuma ulikuwa wazi kweli. Ndani kulikuwa na mikebe ya rangi.

Mikebe ya rangi, kamba zilizooza, magunia ya nati, ngazi, na baiskeli ya mtu. Kilikuwa stoo. Kwa miaka gani sijui. Wapiga mbizi walishuka mita arobaini na tano kila siku wakijua kwamba wakiharibikiwa kuna chumba, na chumba kilikuwa kinatunza rangi.

Bosi alikuja akitembea, hakukimbia. "Dakika chache tu, mama. Wanakitoa."

"Ulisema kiko."

"Si hicho unakiona?"

"Mimi naona stoo. Ndugu yangu nilikuambia hana miguu, na saa hizi zote nane hukutoa hata mkebe mmoja?"

"Usinipigie kelele. Kazi ni yangu na chumba ni changu. Mwambie ndugu yako angefuata masharti asingekuwa hapo."

Hapo ndipo niliposikia neno hilo mara ya kwanza. Kumbe lilikuwa limetayarishwa kabla ya chumba.

Ni wenzake waliokitoa. Walikuja wamelowa kutoka mashuani, watu kama saba, wengi wao wa bara kama sisi. Walitupa mikebe nje kwa hasira mpaka ikapasuka, uwanja ukawa wa bluu na mwekundu. Lakini rangi ilikuwa imemwagika ndani pia, na mafuta. Huwezi kuweka mtu na oksijeni kwenye mafuta. Walipiga magoti wakasugua sakafu kwa sabuni, wakasuuza, wakasugua tena. Wakaangalia mipira, mmoja umetafunwa na panya, wakabadilisha. Jirani mwenye duka alivua kanzu akasugua nao. Ndugu yangu alilala kwenye godoro ndani ya pikap, anawaelekeza vali ipi na ipi, sauti inazidi kuwa ndogo. Oksijeni ya kumpumulisha humo ilitoka wapi? Kwa wakata chuma. Mitungi minne iliyojaa.

Karibu saa tatu zilikwisha hivyo. Daktari wa mambo ya kupiga mbizi aliyeitwa na wenzake, wala si na bosi, alifika wakati huo. Aliangalia daftari. Akauliza alitoka majini saa ngapi, akajibiwa Jumatano saa kumi na moja. Akauliza alipanda basi saa ngapi.

"Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi."

"Kwenda wapi?"

"Kwetu, Kitengela."

"Nani alimruhusu kupanda juu hivyo?"

Nikamwambia Kitengela si juu, ni uwanda, kumenyooka kama meza. Alinitazama kwa huruma. Akasema meza ile iko zaidi ya mita elfu moja na mia tano juu ya bahari. Kwa povu ya mwilini, kupanda huko kwa basi ni sawa na kupanda ndege.

Nilimgeukia bosi. Yeye ni mtu wa nyanda za juu, kwao kuna baridi kuliko kwetu. Aliwapa likizo wapiga mbizi wa bara miaka yote, aliwaona wakibeba mifuko kwenda stendi. Na karatasi yake ya ukutani ilisema ndege. Iliandikwa kwa watu wanaopanda ndege. Kwa mtu anayerudi kwao na basi, hakuna aliyeona haja ya kuongeza mstari mmoja. Ndugu yangu alisoma kila neno la karatasi ile, akalitii. Hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote.

Walimwingiza. Mwenzake mmoja aliingia naye, mlango ukafungwa, hewa ikaanza kuvuma. Nikamsikia daktari akisema wanamshusha hadi presha ya mita kumi na nane na kumpa oksijeni tupu, nami nikamshika mkono: alituambia chini ya mita sita ni sumu, mbona mnamuua? Daktari hakunidharau. Alisema ni kweli, na ndiyo maana yule mwenzake yuko ndani. Hapa ni pakavu, amelala bila kazi, akishikwa na degedege hatameza maji, na kila dakika ishirini watamwondolea maski kwa dakika tano. Nikatazama saa iliyokuwa bado mkononi mwangu.

Mapumziko ya pili yalipofika, daktari aliniruhusu nisogee kwenye kidirisha. Kioo kilikuwa kinene, chenye ukungu kidogo. Niliona uso wake umepata damu tena. Aliniona. Mwenzake alimfunua shuka miguuni, na daktari akaniambia nimwambie kwa ishara asogeze vidole, kwa kuwa ishara yangu ataielewa haraka. Nilinyanyua mkono wangu kwenye kioo nikachezesha vidole vyangu, kisha nikaonyesha miguu yake.

Aliitikia kwa kichwa. Alikaza shingo na taya jinsi mtu anavyojitahidi kuinua gunia. Kisha akapumua, akatabasamu, akaniinulia mkono akiwa ameunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara, ambayo kwa wapiga mbizi maana yake ni kwamba mambo ni sawa. Alidhani vimesogea.

Niliangalia ile miguu, imelala kama ilivyokuwa. Nikamfanyia duara.